Kabla ya kuuza shamba, uliza hospitali iko wapi: jibu kwa mwalimu wa fizikia kutoka Vihiga

"Hujambo daktari. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili kaunti ya Vihiga, nimeajiriwa na bodi ya shule, nina miaka 26. Nilimaliza Maseno kwa daraja la pili la juu. Mwaka jana mama alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi kule Eldoret. Jioni moja nikimngoja niliona mtu akisukuma tangi la maji kuingia chumba cha mashine, nikaambiwa huyo si daktari wala nesi, ni mtu wa fizikia. Tangu siku hiyo sijatulia. Sasa nimepata nafasi ya uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, bila ufadhili. Wakala mmoja Kisumu anasema nikimaliza nitakuwa daktari wa mionzi na kazi iko tayari, anataka shilingi 150,000 za kushughulikia. Baba yuko tayari kuuza nusu ekari. Mjomba anasema fizikia ni ya walimu, tena mwanamke akikaa kwenye mionzi hatazaa. Nimesoma pia kwamba kuna vyuo Marekani vinavyounganisha fizikia na udaktari. Nifuate njia ipi? La mwisho naona haya kuuliza: majirani wanasema mama bado ana mionzi mwilini, na dada yangu hamruhusu kumbeba mjukuu. Ni kweli?"

Dada, naanza na swali uliloliacha mwisho, kwa sababu kuna mtoto na nyanya yake wanatenganishwa bure.

Si kweli. Mama hana mionzi mwilini. Mashine aliyolala chini yake hutoa mionzi pale tu inapowashwa, kama tochi: ukiizima, hakuna mwanga unaobaki ukutani. Wagonjwa wengi wa saratani hiyo huongezewa tiba ya ndani, ambapo chembe ya iridiamu au kobalti, ndogo kuliko punje ya mchele, husukumwa kwa waya hadi karibu na uvimbe, ikakaa dakika chache, kisha ikavutwa kurudi kwenye kasha lake zito. Mgonjwa hatoki chumbani kabla hatujapima kwa kifaa na kuthibitisha kwamba chembe imerudi. Uvumi huu una mahali ulikotoka: wapo wagonjwa wa tezi ya koo wanaonyweshwa iodini yenye mionzi, na hao kweli huambiwa wakae mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa. Mama si mmoja wao. Mwambie dada yako ampe mama mjukuu ambebe.

Linalotaka macho yenu ni jingine. Hakikisheni mama hakosi kliniki za marudio. Akianza kutokwa na damu upya, akiona damu kwenye mkojo au choo, mguu mmoja ukivimba, au maumivu ya kiuno yasipopoa, arudi kwa madaktari waliomtibu bila kungoja tarehe aliyopewa. Hayo hayajibiwi kwa maandishi, wala si mimi wa kuyajibu.

Nasema si mimi kwa sababu umeniita daktari. Mimi ni mwanafizikia tiba, nafanya kazi Nakuru. Daktari wa saratani ndiye huamua mahali pa kutibiwa na dozi ya kutoa. Mtaalamu wa kuendesha mashine humlaza mgonjwa na kumweka sawasawa, siku baada ya siku. Kazi yangu iko katikati yao: kuhakikisha kwamba dozi aliyoandika daktari ndiyo inayofika kwenye uvimbe, wala si nyingine, na kwamba kibofu, utumbo na uti wa mgongo vinapata kidogo iwezekanavyo. Napanga njia za miale kwenye kompyuta, napima mashine, nakagua kinga ya kuta. Wenzangu wengine hawagusi tiba kabisa. Wako upande wa mashine za kupiga picha za mwili, yaani CT, MRI na eksirei, au kwenye tiba ya nyuklia, inayotumia dawa zenye mionzi. Yote hayo ni kazi ya mtu aliyesoma fizikia kama wewe. Huhitaji kuanza upya na shahada ya udaktari, na anatomia pamoja na biolojia ya mionzi usiyoijua leo utaipata kwenye uzamili. Ila mtu anayekuambia kwamba uzamili huo utakufanya "daktari wa mionzi" anakuuzia mbuzi ndani ya gunia. Daktari wa mionzi ni mtu aliyemaliza udaktari kwanza, kisha akabobea kwa miaka mingine. Ukirudi na shahada ya fizikia tiba ukajiita hivyo, utakuwa umevunja sheria siku ya kwanza kazini.

Mjomba wako usimkasirikie. Kwa miaka mingi Hospitali ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba ya mionzi, kwa hiyo kijana wa magharibi mwa Kenya aliyependa fizikia hakuona kazi nyingine mbele yake ila chaki. Hali imebadilika. Mama yako hakulazimika kwenda Nairobi, alitibiwa Eldoret. Nakuru nako kuna mashine. Na mashine hizi haziruhusiwi kutibu mtu bila mwanafizikia wa kuzipima.

Kuhusu kuzaa, nikupe namba, ukawaeleze nyumbani. Mfanyakazi wa mionzi ana kikomo cha milisiveti 20 (hicho ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na hakuna mwaka unaoruhusiwa kupita 50. Dozi inayoweza kuua kabisa uwezo wa mwanamke kuzaa, ikipiga ovari zenyewe kwa mara moja, huanzia kwenye grei 2.5 hivi, ambazo kwa mionzi ya aina hii ni sawa na milisiveti 2,500. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya kikomo cha mwaka mzima. Mionzi inapowashwa sisi hatumo chumbani. Tuko nje, nyuma ya kuta za zege ambazo upande unaopigwa na mwale wenyewe hufika unene wa mita mbili hivi. Ukishika mimba unamjulisha mkuu wako, na kuanzia hapo kazi zako hupangwa ili mtoto tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 hadi ujifungue. Wenzangu wa kike wamejifungua na kurudi kazini.

Sasa tuje kwenye lile tangi la maji, kwa sababu jibu la swali lako la masomo limo humo.

Mwili wa mtu, kwa macho ya mionzi, unakaribiana sana na maji. Kwa hiyo ili kujua mgonjwa atapata nini, tunajaza tangi, tunaliweka chini ya mashine, na kwenye kina cha sentimita 10 tunatumbukiza chemba ndogo yenye hewa ndani, ujazo wa sentimita za ujazo 0.6 hivi, nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Mionzi ikipita, hewa iliyo ndani inatoa chaji, waya unaipeleka kwenye kifaa cha kusomea nje ya chumba, na chaji hiyo ndiyo tunayoibadilisha kuwa dozi. Tunafanya hivi jioni wagonjwa wakishaondoka. Maji yanakuwa yamelala chumbani tangu jana ili joto lake lilingane na la chumba. Kuna kipimajoto ndani ya tangi na barometa mezani, na mtu wa pili anayesoma namba zilezile bila kuangalia daftari la wa kwanza.

Barometa ya nini? Wewe unafundisha kanuni za gesi Kidato cha Tatu, kwa hiyo utanielewa kabla sijamaliza. Chemba ile haijazibwa. Hewa yake ni hewa ya chumbani. Presha ikishuka, molekuli ndani zinapungua, chaji inapungua, ingawa mionzi ni ileile. Chemba hupewa cheti cha urekebishaji katika maabara ya viwango kwa presha ya kilopaskali 101.325, yaani usawa wa bahari, na joto la nyuzi 20. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na presha ya kweli hapa ni kilopaskali 82 hivi. Kwa hiyo kila namba tunayosoma tunaizidisha kwa takribani 1.24, kabla hata ya kugusa joto. Kisumu, kwa sababu iko chini, mita 1,130 hivi, kizidishio kingekuwa kama 1.14.

Nilikuwa nimesoma ng'ambo, katika mji wa pwani. Kule kizidishio cha presha kilikuwa kikichezea 0.99 na 1.01 mwaka mzima, nikawa nakiandika kama mtu anayeandika tarehe. Nikarudi nyumbani kuanza mafunzo ya kazini katika hospitali moja ya nyanda za juu ambayo sitaitaja. Wiki ya pili barometa ikawa imepelekwa kukaguliwa. Nikafungua simu, nikaangalia utabiri wa hali ya hewa, nikaona hektopaskali 1,016, yaani kilopaskali 101.6, nikaandika. Hesabu ikatoka safi, ikaonyesha mashine inatoa asilimia 81 tu ya inachopaswa kutoa. Nilikuwa tayari kupendekeza iongezwe.

Msimamizi wangu hakunikaripia. Aliuliza, "Hapa kwetu maji yanachemka kwa nyuzi ngapi?" Nikajibu, kama 94. "Kwa presha ya 1,016?" Nikahisi miguu inaniishia. Presha inayotangazwa kwenye utabiri wa hali ya hewa huwa imehesabiwa upya kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili miji ilinganishwe kwenye ramani moja. Si presha iliyo ndani ya chumba. Mashine ilikuwa sawa kabisa. Kama tungeiongeza kwa hesabu yangu, kila mgonjwa angepata asilimia 24 zaidi. Mama aliyeandikiwa grei 50 kwa vipindi 25, ratiba inayofanana na ya wagonjwa wengi wa saratani ya mlango wa kizazi, angemaliza na 62. Utumbo na kibofu haviwezi kustahimili hayo bila madhara, na madhara ya mionzi hayaonekani jioni ileile. Huja baada ya miezi, hata miaka, wakati hakuna tena cha kurudisha. Katika kazi hii tukikuta mashine imetoka nje kwa asilimia 2 tunasimama na kupima upya.

Nilikuwa na shahada mbili nilipoandika namba ile. Kanuni ya gesi niliijua tangu Kidato cha Tatu, na darasani ng'ambo nilifanya mtihani juu ya kizidishio hichohicho nikapita vizuri. Nilichokosa ni kuwa nimekwisha kukifanya mara nyingi, mahali kinapouma, nikiwa na mtu wa kunishika mkono. Hicho ndicho Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, linachokitaka linapomweleza mwanafizikia tiba aliyekamilika: shahada ya kwanza ya fizikia au uhandisi, uzamili wa fizikia tiba, na juu ya hiyo angalau miaka miwili ya mafunzo ya kliniki yaliyopangwa na kusimamiwa, ndani ya hospitali. Ni ngazi tatu. Wakala wako anakuuzia ya pili kwa jina la ya tatu.

Basi ukiangalia chuo chochote, cha popote, swali la kwanza lisiwe jina lake wala nchi yake. Uliza: mafunzo ya kliniki nitayafanyia hospitali gani, kwa muda gani, na nani atasaini? Chuo kikijibu kwa jina la hospitali na idadi ya miezi, endelea kusoma. Kikijibu kwamba "wahitimu wetu hupata fursa nyingi", funga ukurasa.

Nafasi yako ya Uingereza nisiibeze. Uzamili wa mwaka mmoja uliothibitishwa na taasisi yao ya fizikia na uhandisi wa tiba, IPEM, ni elimu nzuri. Lakini ni ya darasani. Mwingereza anayetaka kuwa mwanafizikia wa hospitali huingia kwenye mpango wa mafunzo wa huduma yao ya afya, miaka mitatu, akilipwa mshahara, na nafasi zake hugombewa na wengi. Uzamili wako hautakuingiza huko moja kwa moja. Ukimaliza Septemba hadi Septemba utakuwa na cheti, deni, na ngazi ya tatu bado haijaanza. Na kama una mume au mtoto, jua kwamba tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kwenda na familia yake.

Ningekuwa wewe, ombi la kwanza ningelipeleka Trieste, Italia. Pale kuna kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani aliyekuja kupata Nobel mwaka 1979 na ambaye alitaka wanafizikia wa nchi kama zetu wasome bila kupotea huko moja kwa moja. Tangu 2014 kituo hicho na Chuo Kikuu cha Trieste wanaendesha uzamili wa fizikia tiba wa miaka miwili, kwa Kiingereza: mwaka wa kwanza darasani, mwaka wa pili mzima ndani ya hospitali chini ya msimamizi. IAEA inauunga mkono, na umelengwa hasa kwa watu wanaotoka nchi zinazoendelea. Wanaofadhiliwa ni wachache, na waombaji ni wengi, kwa hiyo usiombe mara moja ukakata tamaa. Lakini angalia umbo lake: ngazi ya pili na nusu ya ngazi ya tatu vimefungwa pamoja. Trieste iko ukingoni mwa bahari, na wewe sasa unajua hilo litamaanisha nini siku utakayoshika chemba nchini Kenya.

Kuna mlango mwingine unaokufaa wewe hasa. IAEA ilianzisha mwaka 2020 ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, kwa wanawake waliopata nafasi ya uzamili katika fani za nyuklia na mionzi. Hulipia sehemu ya karo na posho kwa hadi miaka miwili, na huwasaidia wahitimu kupata mafunzo ya vitendo. Wewe nafasi ya chuo tayari unayo mkononi. Kiandikie chuo chako leo uombe nafasi isogezwe mbele kwa mwaka mmoja, ili uombe ufadhili huu ukiwa na barua yao. Ukiupata, Uingereza inaanza kuwa na maana, kwa sababu hutakuwa umekwenda kwa pesa za shamba.

Usiruke Afrika. Chuo Kikuu cha Ghana kina skuli ya sayansi za nyuklia jijini Accra, bega kwa bega na tume ya nishati ya atomiki ya nchi hiyo, na imesomesha wanafizikia tiba kutoka nchi nyingi za bara hili. Faida yake huioni kwenye brosha: unasoma ukitumia mashine zinazofanana na zetu, zenye matatizo yanayofanana na yetu, umeme ukikatika katikati ya kipimo. Afrika Kusini utaratibu wao ni mzuri pia, shahada ya "honours" inayofuata shahada ya kwanza, kisha miaka miwili ya intanshipu hospitalini kabla ya baraza lao la taaluma za afya kukusajili, ila uliza kuhusu nafasi ya intanshipu kwa mgeni kabla hujalipa karo hata ya muhula mmoja. Ujerumani huvutia watu kwa karo ndogo, lakini ili upate viza utaonyesha akaunti maalumu ya benki, inayokuachia pesa kidogo kidogo kila mwezi, yenye fedha za mwaka wa kwanza (mwaka 2025 zilikuwa euro 11,904), na kozi nyingi za fani hii ni za Kijerumani. Heidelberg, ambayo ni mabingwa wa tiba ya mionzi, iko katika jimbo linalotoza wageni wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Na Marekani uliyoisoma. Kuna vitu viwili vinavyochanganywa. Cha kwanza ni udaktari na uzamivu kwa pamoja, kazi ya miaka minane hivi. Pesa za serikali yao zinazogharimia njia hiyo zimewekewa raia na wakaazi wa kudumu, kwa hiyo mgeni mara nyingi hubaki akigonga mlango uliofungwa. Cha pili ni uzamivu wa fizikia na uhandisi wa tiba. Mfano unaojulikana zaidi ni ule wa Harvard na MIT, ambao programu yao ya pamoja ya sayansi za afya ilianza mwaka 1970: mwanafizikia anasoma patholojia pamoja na wanafunzi wa udaktari, anaingia wodini kuona wagonjwa, lakini anahitimu akiwa mtafiti, si daktari. Mgeni anaweza kuomba, na kwa kawaida wanafunzi wa uzamivu katika vyuo vya aina hiyo hulipiwa karo na kupewa posho. Kama unaota kubuni kipimo kipya cha saratani, hii ndiyo njia, na daraja lako la pili la juu si kizuizi ukilisindikiza na utafiti. Kama unaota kusukuma lile tangi la maji, si hii. Huko mwanafizikia wa hospitali hupitia kozi zilizothibitishwa na CAMPEP, tume inayokagua kozi za fizikia tiba, kisha miaka miwili ya mafunzo ya hospitali, na tangu 2015 nafasi nyingi za mafunzo hayo hugawanywa kwa mfumo wa kulinganisha waombaji na hospitali. Wengi wenye uzamili mzuri hukwama hapo.

Nikirudi nyumbani: Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi na teknolojia ya nyuklia inayotoa uzamili wa sayansi ya nyuklia. Si fizikia tiba yenyewe, lakini ni msingi imara, hasa upande wa kinga ya mionzi, na ungeendelea kuishi na kufanya kazi hapa huku ukitafuta hospitali ya kukupokea. Tena ufadhili wa mafunzo wa IAEA unaopitia serikali humwangalia zaidi mtu aliye tayari kwenye taasisi yake, anayejulikana na wakubwa wake, kuliko anayeandika barua peke yake kutoka nyumbani.

Wakala mwache. Chuo kimeshakupa nafasi bila yeye. Fomu za viza unaweza kuzijaza mwenyewe, na kazi "iliyo tayari" hana. Na mzee mwambie kwa heshima ashike shamba lake. Nusu ekari Vihiga, ambako urithi umegawanywa hadi vikabaki vipande, hairudi ikishauzwa. Sikatai familia kuchangia. Harambee ya nauli na viza baada ya ufadhili kupatikana ni jambo la furaha, hata mimi ningechangia. Ninachokataa ni mzee kubaki bila pa kulima kwa ajili ya ngazi moja kati ya tatu. Deni la HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kama unalo, liweke sawa mapema, kwa sababu utaombwa cheti chake mahali usipotarajia. Na chuo chochote utakachochagua, kabla ya kusafiri thibitisha kwamba shahada yake itatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na iulize Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, inamtaka mtu awe na nini ili aruhusiwe kufanya kazi kwenye mionzi. Majibu hayo yapate kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipima kutoka hapa: kama kazi yenyewe itakukaa. Uliiona jioni moja, ukiwa na hofu ya mama. Kazi hii ina saa ndefu za peke yako na namba, ina kurudia kipimo mara ya nne wakati wengine wamekwenda nyumbani, na ina siku ambayo utamwambia daktari mkubwa kuliko wewe kwamba leo hatutibu mpaka nijue kwa nini namba hii imesogea. Hiyo huijui kwa kusoma. Likizo ya Aprili au Agosti, andika barua kwa msimamizi wa hospitali yenye tiba ya mionzi, Eldoret au hapa Nakuru, nakala kwa mkuu wa idara hiyo, uombe wiki mbili za kukaa na wanafizikia wao. Ambatisha matokeo yako ya Maseno na barua ya mwalimu mkuu. Wasipojibu, nenda mwenyewe, uvae kama unavyokwenda darasani, uulize wa fizikia yuko wapi. Watu wa kazi hii ni wachache na hufurahi kuulizwa. Zungumza nao ana kwa ana kuhusu kila chuo nilichokitaja, kwa sababu wao watakuwa wameona vyeti vyako, mimi nimeona barua tu. Wakati unangoja jibu, IAEA ina kitabu kinene cha mafunzo ya fizikia ya tiba ya mionzi, cha mwaka 2005, unakipakua bure. Anza na sura za upimaji.

Na wiki hii, ukiwa na Kidato cha Tatu, chemsha maji kwenye maabara ya shule na utumbukize kipimajoto. Haitafika 100, kwa kimo chenu itasimama kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Kutokana na joto hilo mtafute presha ya hewa ya Vihiga, kisha kizidishio cha chemba kama ingekuwa imewekwa hapo kwenye meza yenu. Andika hesabu kwenye karatasi moja na uende nayo siku yako ya kwanza hospitalini.